Saa Zitatoka Wapi? Shahada ya Uzamili kwa Mtu Mwenye Kazi

Mfanyakazi mwenzangu, ambaye tumekaa naye chumba kimoja cha ofisi kwa miaka minne, alinijia mwezi uliopita akiwa na fomu ya maombi aliyoijaza nusu. Alikuwa anataka kusoma shahada ya uzamili kwa masomo ya jioni bila kuacha kazi, na kwa kuwa mimi nilishapita njia hiyo, alitaka nimjibu swali moja tu: inalipa au hailipi? Nilimwomba aketi, kisha nikamuuliza kama anakumbuka Alhamisi iliyopita alikuwa anafanya nini kati ya saa moja jioni na saa nne usiku. Alidhani ninamtania.

Sikuwa ninamtania. Nilipokuwa ninaamua jambo hili mimi mwenyewe, nilimaliza karibu mwaka mzima nikilinganisha ada za vyuo, nikiuliza kuhusu awamu za malipo na kupima ni chuo gani kina jina zaidi, lakini sikutenga hata jioni moja ya kujiuliza saa za kusomea zitatoka wapi. Fedha hukopwa, huchangishwa, hulipwa kidogo kidogo. Saa za wiki hazikopeki. Kila saa inayokwenda kwenye kitabu imeondolewa mahali fulani, ama kwenye usingizi, ama kwa watoto, ama kwa mwenzi, ama kwenye kazi yenyewe inayolipa ada, na mara nyingi aliyenyang'anywa saa hiyo hakuulizwa.

Vyuo vikuu havifichi hesabu hii. Ni sisi ambao hatuisomi. Katika mfumo wa krediti unaotumika Ulaya, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikijumlishwa mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani, na shahada nyingi za uzamili huwa na krediti 90 au 120. Kwa kipimo cha chini, krediti 90 ni saa 2,250. Uingereza hutumia kipimo kingine: krediti moja ni saa 10, na uzamili wa kufundishwa una krediti 180, yaani saa 1,800. Tuchukue hiyo ndogo, tusije tukatishana tamaa mapema. Mwaka una wiki 52. Ondoa saba za homa, safari, misiba na yale majuma ya kufunga mahesabu ambapo mtu hurudi nyumbani akiwa hajiwezi, zinabaki 45. Ukisoma kwa miaka miwili una wiki 90, kwa hiyo unadaiwa saa 20 kila wiki, ambazo ni nusu ya wiki ya kazi ya saa 40. Ukisoma kwa miaka mitatu una wiki 135, na deni linashuka hadi saa 13 na dakika 20.

Mtu akiambiwa kwamba vipindi ni jioni mbili kwa wiki, saa tatu kila jioni, huona ni saa sita tu na kusema hilo linawezekana. Saa hizo sita ni za kukaa darasani. Kazi yenyewe inaanza mhadhiri anapofunga mlango.

Nilichokifanya nikiwa nimeshaingia, tena nimeshazama, ndicho nilichopaswa kukifanya kabla ya kulipa chochote. Nilichukua daftari dogo na kwa wiki mbili nikaandika kila saa ilivyopita, bila kujionea huruma na bila kujipamba. Kichwani nilikuwa na hakika kwamba nina saa 15 kwa wiki. Daftari lilionyesha tisa. Kati ya hizo tisa, nne zilikuwa baada ya saa nne usiku, na saa za namna hiyo siku hizi ninaziita saa mfu: jicho linapita juu ya mstari, ukurasa unafunuliwa, na asubuhi hakuna kilichobaki. Saa mbili za Jumamosi alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, zilinifaa kuliko zote nne za usiku. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia kosa hili mwaka 1979: binadamu anapokadiria muda wa shughuli yake mwenyewe huwaza jinsi mambo yatakavyokwenda yakienda vizuri, na husahau jinsi shughuli za aina hiyo zilivyokwenda siku zote. Nilikuwa nimewasoma darasani. Hawakunisaidia chochote hadi daftari liliponionyesha.

Kuhusu nyumba sitasema mengi, kwa sababu kila nyumba ina mambo yake. Nitasema tu kwamba sikuomba ruhusa, nilitoa taarifa. Nilitangaza kwamba nimekubaliwa chuoni, nikapongezwa, na pongezi hizo nikazihesabu kuwa ni makubaliano. Katika muhula wa pili mwenzi wangu alichukua kalenda ya ukutani, akazungushia duara jekundu kila jioni ambayo sikuwa mezani wakati wa chakula, na hakusema neno. Mwezi ule ulikuwa na duara 17. Tuliketi chini baada ya hapo na kugawana siku upya, lakini mazungumzo hayo yalichelewa miezi minane.

Sasa nirudi kwenye swali la kulipa au kutolipa, ambalo watu wengi hulijibu kwa msemo kwamba elimu haina mwisho. Ni kweli haina mwisho, ila ada ina tarehe ya mwisho, na mtu mzima mwenye majukumu ana haki ya kuuliza ananunua nini hasa. Wanauchumi wametoa majibu mawili. Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliitazama elimu kama mtaji unaowekwa ndani ya mtu: unajifunza, unazalisha zaidi, unalipwa zaidi. Michael Spence, aliyeipata tuzo hiyo mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili, alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1973 kwamba cheti kinaweza kuwa na thamani hata kama hakikumwongezea mwenye nacho ujuzi wowote, kwa sababu kinamwambia mwajiri asiyekujua kwamba wewe ni mtu wa kuvumilia na kumaliza.

Nadharia hizo mbili zinaonekana kama ugomvi wa wasomi, lakini kwa mwenye kazi zinaleta tofauti kubwa. Kama unachokihitaji ni ujuzi, basi kuna njia nyingine za kuupata: kozi fupi, mitihani ya kitaaluma, mradi mgumu kazini ambao kila mtu anaukwepa, hata kukaa karibu na mtu anayejua. Kama unachokihitaji ni ishara, yaani cheti chenyewe cha kumwonyesha mwajiri, basi kujifunza kwa bidii katika chuo kisicho na ithibati ni kujitesa bure, maana ishara isiyotambuliwa haimwambii mtu chochote. Tena ishara humfaa zaidi mtu asiyejulikana. Mwajiri wako wa miaka kumi anakujua. Ameshaona ukifika kwa wakati, ameshaona ukikosea, na cheti hakitambadilishia sana picha aliyonayo. Anayehitaji ishara yako ni mwajiri mwingine. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, nami nilikuwa mmoja wao: wanasomea cheo mahali ambapo cheti si kitu kinachowazuia kukipata.

Lipo kundi la tatu ambalo halihitaji falsafa yoyote, nalo ni la wale ambao kanuni imeandika wazi kwamba bila uzamili hakuna kupanda. Ualimu wa chuo, baadhi ya madaraja ya utumishi, baadhi ya fani za ushauri na tiba zina masharti ya namna hiyo. Aliye katika kundi hilo atulie, asome kanuni hiyo kwa macho yake mwenyewe badala ya kuisikia kwa wenzake, ahakikishe kwamba shahada anayoiendea ndiyo iliyotajwa, kisha aende.

Sisi wengine tunalazimika kuchunguza, na uchunguzi wenyewe si mgumu. Tafuta matangazo 20 ya kazi unayoitaka baada ya masomo, si kazi uliyonayo, uyasome hadi mwisho. Hesabu ni mangapi yanasema uzamili ni lazima, ni mangapi yanasema ni sifa ya ziada, na ni mangapi hayakuutaja. Nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa, na kilichonishangaza ni kwamba neno lililojirudia kuliko shahada lilikuwa uzoefu wa kusimamia watu, kitu ambacho ningeweza kukiomba ofisini kwangu bila kulipa ada.

Kuna pia mazungumzo na bosi. Nilipomwendea wa kwangu nikamwambia nafikiria kurudi shule, alifurahi kwa dhati, akanishika mkono na kusema, "Itakusaidia sana." Nilitoka ofisini mwake nikijiona nimeshapandishwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba "itakusaidia" si ahadi. Haina tarehe, haina cheo, haina kiasi. Swali nililopaswa kuuliza ni lingine: ndani ya ofisi hii, ni nani alisoma kwa jioni na nini kilibadilika kwake baada ya kuhitimu? Kama hakuna hata mmoja anayeweza kutajwa, hilo nalo ni jibu. Na kama mwajiri anajitolea kulipa ada, soma mkataba mstari kwa mstari, kwa sababu mara nyingi kuna kifungu kinachokutaka ubaki kazini miaka kadhaa baada ya kuhitimu au urudishe fedha zote. Kwa anayependa mahali alipo, kifungu hicho hakimwumizi. Kwa anayesoma ili aondoke, ni kamba mguuni.

Katika fedha, hoja bora ya kusoma ukiwa kazini ni kwamba mshahara haukatiki. Mwanafunzi wa kutwa, yaani aliyeacha kazi ili asome, hulipa ada na pia hupoteza kipato cha muda wote anaosoma, na mara nyingi hicho cha pili ndicho kikubwa. Anayesoma jioni anaikwepa gharama hiyo, ingawa si yote: atakataa saa za ziada, atakataa safari, na pengine atapitwa na kazi ile ngumu ambayo ingemtambulisha kwa wakubwa. Hoja dhaifu ni ya umri, ambayo huwa haisemwi kwa kuogopa kuumiza. Tuseme nyongeza utakayoipata kwa mwaka, baada ya kodi, ni moja ya tano ya gharama yote uliyoingia. Utahitaji miaka mitano baada ya kuhitimu kurudisha fedha yako, na kabla ya hapo ulishasoma miaka mitatu. Ni miaka minane kabla ya kuanza kufaidi, bila kuhesabu riba kama ulikopa. Mwenye miaka 32 ana muda wa kutosha wa kuvuna. Mwenye miaka 52 anaweza bado kusoma kwa furaha yake, na sitamcheka hata kidogo, ila asiuite uwekezaji.

Lakini kuna faida moja ambayo sikuitarajia na ambayo hakuna aliyenitajia. Anayesoma huku anafanya kazi ana maabara. Wiki ya tano ya somo la takwimu tulifundishwa tena tofauti ya wastani na namba ya kati, jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu sekondari na sikuwahi kulitumia. Kesho yake nilikuwa na ripoti mezani iliyosema kwamba malalamiko ya wateja hujibiwa kwa wastani wa siku nne, nasi tulikuwa tumeridhika nayo kwa miaka. Nilifungua orodha nzima. Katika kila malalamiko kumi, karibu manane yalijibiwa siku ile ile au ya pili yake, na mawili yalikaa siku 16 au zaidi. Manane kwa siku moja na mawili kwa siku 16 ni siku 40. Gawanya kwa kumi, unapata nne. Hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri siku nne. Tulikuwa na wateja waliohudumiwa vizuri sana na wateja waliosahaulika, na wastani ulikuwa umewafunika wote kwa blanketi moja. Mwanafunzi wa kutwa angeliona jambo hilo katika zoezi la kitabu. Mimi niliwaona wateja wenyewe, na baadhi yao nilikuwa nayajua majina yao. Ikiwa kazi yako ya kila siku haina uhusiano wowote na unachokwenda kukisoma, faida hii huipati, na kwa maoni yangu basi nusu ya sababu ya kusoma ukiwa kazini imeondoka.

Sehemu inayowazamisha wanafunzi wa jioni ni tasnifu, na ninataka kukaa hapa kidogo. Wakati wa vipindi kuna ratiba inayokusukuma: mhadhara ni Jumanne, zoezi ni Ijumaa, mtihani una tarehe. Wenzako wanakuuliza uko wapi. Vipindi vikiisha, yote hayo huondoka siku moja. Unabaki wewe, msimamizi mwenye wanafunzi wengine wengi, na mada ambayo hakuna anayekudai. Kazi ya ofisini, ambayo inadai kila siku kwa sauti kubwa, hujaza nafasi hiyo mara moja. Kwenye kompyuta yangu bado kuna faili linaloitwa "sura ya pili mpya", linalofuatiwa na "sura ya pili mpya kabisa", na la tatu linaloitwa "sura ya pili hii ndiyo". Kati ya la pili na la tatu ilipita miezi saba ambayo sikuandika sentensi hata moja. Kilichokuwa kikiingia bila kukosa ni ankara ya ada ya kuendelea kusajiliwa, muhula baada ya muhula, kwa kazi ambayo haikuwa ikifanyika.

Kilichonitoa hakikuwa ari. Nilimwandikia msimamizi, nikamwomba radhi, nikaomba miadi ya dakika 20 kila Jumanne ya pili, niwe nimeandika au sijaandika. Aibu ya kufika mikono mitupu mara mbili ilitosha. Ya tatu nilikwenda na kurasa sita. Kwa hiyo kabla ya kuomba chuo, ulizia mambo haya ambayo vipeperushi havina: kama kuna njia ya kumaliza kwa mradi au kwa masomo pekee badala ya tasnifu, ada ya kuendelea ni kiasi gani, muda wa mwisho wa kumaliza ni miaka mingapi, na utaratibu wa kuahirisha ukoje mtu akiugua au akihamishwa kazi. Mwombe pia mratibu akukutanishe na mwanafunzi wa jioni aliye katika mwaka wa mwisho, si yule aliyehitimu. Aliyehitimu huwa ameshasahau.

Pia kuna suala la kuacha, ambalo linazungumzwa kwa minong'ono. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio walilolifanya kwa watu walionunua tiketi za msimu mzima wa maigizo: baadhi walitozwa bei kamili, wengine wakapewa punguzo bila kulitarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maigizo mengi zaidi, ingawa maonyesho yalikuwa yale yale na fedha ilishakwenda kwa wote. Shahada nayo iko hivyo: tulichokwisha kukilipia hutushika, hata kama hakitufai tena. Mwenzetu mmoja darasani aliondoka baada ya muhula wa pili, na sisi tuliobaki tulimsikitikia kama aliyeshindwa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameuliza ofisi ya usajili, akaambiwa kwamba krediti alizonazo zinampa stashahada ya uzamili, akaichukua na kurudi kwenye maisha yake. Mimi niliendelea miezi saba nikilipia faili ambalo halikuwa likifunguliwa. Sijui kwa nini tulimsikitikia yeye.

Je, mimi ilinilipa? Cheo nilichokisomea hakikuja. Alipewa mtu mwingine, ambaye hana uzamili na ambaye, nikiwa mkweli, alikistahili. Nyongeza ya mshahara ilikuja kwa sababu ya kazi ile ya malalamiko, ambayo isingekuwepo bila somo la takwimu, kwa hiyo unaweza kusema shahada ilinilipa kwa mlango wa nyuma, kupitia somo moja kati ya masomo kumi na mawili. Ningeweza kulisoma somo hilo peke yake.

Jambo hilo ndilo nililomwambia mwenzangu wa ofisini. Vyuo vingi huruhusu mtu kusajiliwa kwa somo moja, kufanya mtihani wake, na kuhamishia krediti zake kwenye shahada akiamua kuendelea ndani ya muda uliowekwa. Alichukua daftari, akaandika kwa wiki mbili, akarudi na jibu la saa saba, tano kati yake zikiwa za asubuhi. Saa saba hazitoshi shahada ya miaka miwili, wala ya mitatu. Zinatosha somo moja kwa muhula. Ameomba somo la usimamizi wa miradi, vipindi ni Jumatano, na mumewe amekubali Jumatano hizo kwa sharti kwamba Jumapili kompyuta haifunguliwi. Ile fomu nyingine bado iko kwenye droo yake ikiwa imejazwa nusu. Ameniambia ataitazama tena mwezi wa saba, matokeo yakishatoka.